Bushi za mpira au za poliurethani: zipi zifungwe kwenye gari la zamani?

Gari la zamani likishapandishwa juu ya stendi, mikono ya suspensheni ikafunguliwa na bushi zilizokauka, zile pete nene zinazokaa kwenye viungo vya mikono hiyo, zikatoka vipande vipande, swali linakuja lenyewe. Zirudi za mpira, kama gari lilivyotoka kiwandani, au zifungwe za poliurethani, zile ngumu za rangi ambazo mafundi huziita poli kwa kifupi? Kila upande una watu wanaoapa. Mmoja atakwambia poli zilimrudishia usukani aliokuwa ameusahau. Mwingine atakwambia zilimharibia gari, likawa linatetemeka na kulia kila likipita tuta. Wote wawili huenda wanasema kweli, maana hawakuzifunga mahali pamoja wala kwenye gari la aina moja.

Watu wengi hutazama ugumu kwanza. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye namna bushi inavyofanya kazi. Bushi ya mpira iliyo ya kawaida ina mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya lingine, na katikati yake kuna mpira ulioshikamanishwa na chuma kiwandani. Bolti ikikazwa, bomba la ndani halizunguki tena; bomba la nje linashikwa na mkono wa suspensheni. Gurudumu likipanda na kushuka, hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe unasokotwa, kisha unajirudi. Bushi ya poli haikushikamanishwa na chuma. Kwa kawaida ni vipande viwili vinavyosukumwa kutoka pande mbili, na katikati hupita bomba la chuma ambalo poli inazunguka juu yake. Kwa ufupi, mpira husokotwa na poli huteleza. Karibu kila sifa na kila lawama utakayosikia inatokana na hapo.

Tunapima nini

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni mjongeo. Bushi ya mahali hapo inatakiwa iruhusu mwendo wa aina gani? Ipo inayozunguka kwenye mhimili mmoja tu, kama bawaba ya mlango. Ipo pia inayozunguka, ikainama na kusukumwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Cha pili ni mtetemo na kelele zinazofika ndani ya gari. Cha tatu ni usahihi, yaani magurudumu yanabaki kwa kiasi gani kwenye pembe yaliyowekewa wakati wa kukata kona au kukanyaga breki. Cha nne ni maisha ya bushi mbele ya mafuta, joto, maji na mchanga. Cha tano ni kazi ya kuifunga na kuitunza. Cha sita ni uhalisia, kwa anayejali gari libaki kama lilivyotengenezwa.

Kuhusu ugumu, hupimwa kwa kipimo cha Shore A, kinachoanzia 0 hadi 100. Bushi nyingi za mpira huwa kati ya 50 na 70. Poli za barabarani huwa takriban 70 hadi 90, na za mashindano hupanda zaidi. Usidanganywe na rangi: kila mtengenezaji ana mpangilio wake, hivyo nyekundu ya huyu inaweza kuwa laini kuliko njano ya yule. Uliza namba. Hata namba nayo haimalizi habari, kwa sababu umbo lina nguvu kubwa. Mpira mnene wenye matundu yaliyoachwa makusudi hunesa sana upande mmoja na kidogo sana upande mwingine, na hilo halisomeki kwenye kipimo cha Shore.

Bushi za mpira

*Mjongeo.* Hapa mpira hauna mshindani katika suspensheni ya kawaida ya barabarani. Unakubali kuzungushwa, kuinamishwa na kusukumwa, vyote kwa pamoja, bila kukwama. Waliosanifu magari mengi ya zamani waliutegemea unyumbufu huo kama sehemu ya hesabu zao. Porsche 928, iliyotoka mwaka 1977, ina ekseli ya nyuma iliyopangwa ili unyumbufu wa viungo vyake uyageuze magurudumu kidogo kwa ndani dereva anapoachia mafuta au kushika breki katikati ya kona, gari lisiponyoke nyuma. Ukiweka kitu kigumu mahali pale unaondoa kazi iliyofanywa kwa makusudi.

*Mtetemo na kelele.* Mpira humeza mitetemo midogo ya haraka, ile inayogeuka kuwa mvumo ndani ya bodi. Jaguar XJ6 ya mwaka 1968 ilijijengea jina kwa utulivu wake, na sehemu kubwa ya utulivu huo ilitokana na fremu ndogo za mbele na nyuma, zile zinazobeba suspensheni chini ya bodi, kuning'inizwa kwenye mpira. Mwenye gari la namna hiyo afikirie mara mbili kabla ya kuliondolea kile kilicholitofautisha na mengine.

*Usahihi.* Mpira mpya, wa ubora, uliofungwa sawasawa hutoa usukani mzuri kuliko wengi wanavyotarajia. Hata hivyo hunesa, na kwenye kona za nguvu pembe za magurudumu hubadilika zaidi kuliko zikiwa na poli. Mpira wenyewe nao una daraja. Wenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, wanalijua hili: bushi za awali za mikono ya chini ya mbele zilikuwa vipande vya mpira mtupu, na wengi hufunga badala yake bushi za MGB GT V8 ya mwaka 1973, zenye mpira ulioshikamanishwa na mabomba ya chuma. Wanapata usukani ulionyooka zaidi bila kuacha mpira. Kabla ya kuruka kwenye poli, tafuta kama gari lako lina ndugu yake mzito au wa nguvu zaidi ambaye bushi zake zinaingia.

*Maisha.* Tangu Charles Goodyear alipopata hataza ya kuupika mpira kwa salfa mwaka 1844, mpira umekuwa mali ya kuaminika, lakini una maadui. Ozoni ya hewani huupasua pale unapokuwa umevutwa, mafuta ya injini yanayovuja huuvimbisha na kuulainisha, na joto huukausha. Kwa upande mwingine, kwa kuwa hakuna nyuso zinazosuguana, mchanga na tope hazina pa kuingia. Kwa gari linalopita njia za vumbi, hiyo ni faida kubwa inayosahaulika.

Kuna mtego mmoja kwa wenye magari ya zamani. Bushi halisi iliyokaa ghalani miongo kadhaa, hata kama boksi lake halijafunguliwa, imezeeka ikiwa imekaa pale pale. Ni afadhali mpira uliotengenezwa karibuni na mtengenezaji anayeaminika kuliko ule wenye nembo halisi na nyufa zisizoonekana.

*Ufungaji.* Kuna kazi. Bomba la nje huingia kwa kubana, hivyo utahitaji presi, au jiliwa imara na vipande vya bomba vya kusukumia. Kisha kuna kanuni moja inayovunjwa kila siku: bolti za bushi za mpira hukazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wake wote umeshuka. Ukizikaza mikono ikining'inia hewani, mpira utakuwa umesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa. Gari litakaa juu kuliko linavyopaswa na bushi itachanika mapema, kisha mpira utalaumiwa kwa kosa la spana. Bushi zenye matundu zina upande wake pia. Weka alama kwenye mkono kabla ya kuitoa ya zamani. Baada ya hapo, hakuna matunzo.

*Uhalisia.* Mpira ndio uliokuwapo.

Bushi za poliurethani

*Mjongeo.* Mahali panapozunguka kwenye mhimili mmoja, poli hufanya vizuri sana. Inazunguka bure juu ya bomba lake, haina hali ya kujirudi inayoongeza ugumu wa springi. Matatizo huanza mahali panapotaka kuinama pia. Poli ngumu hukataa kuinama, na suspensheni ikilazimishwa itakwama kisha iachie ghafla. Mfano unaojulikana sana ni Ford Mustang za 1979 hadi 1993. Ekseli yake ya nyuma inashikwa na mikono minne, miwili ya juu ikiwa imekaa mshazari, na gari linapolala kwenye kona mikono hiyo hulazimika kujisokota. Ukifunga poli ngumu ncha zote za mikono ya juu, nyuma ya gari hugoma kulala, halafu huponyoka bila onyo. Mwenye gari alitaka usalama zaidi kwenye kona na akapata kinyume chake.

*Mtetemo na kelele.* Zaidi kuliko mpira, ila kiasi gani hutegemea ugumu na mahali. Poli ya 75 kwenye stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari lisilale sana kwenye kona, wengi hawaihisi kabisa. Poli ya 95 kwenye vishikio vya fremu ndogo utaisikia kila kilomita. Kuna pia ule mlio wa kusagika gari likipita tuta polepole. Huo ni wa nyuso kavu, na unatibika kwa grisi. Mvumo unaopenya kwenye bodi hautibiki kwa grisi.

*Usahihi.* Hapa ndipo poli huvuna sifa, na kwa haki. Magurudumu hubaki kwenye pembe zake, usukani hujibu mapema, breki za ghafla hazilivuti gari huku na kule. Kwa gari linalopelekwa kwenye siku za kukimbia uwanjani, tofauti hiyo inahisika tangu kona ya kwanza.

*Maisha.* Poliurethani, iliyobuniwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, ni familia kubwa ya mali, na hapo ndipo mnunuzi hupotea. Iliyo nzuri hustahimili mafuta na ozoni kuliko mpira wa asili. Lakini zipo aina mbili kuu: ya poliesta, ambayo maji na joto huivunja taratibu, na ya polietha, inayovumilia maji vizuri zaidi. Muuzaji asiyeweza kukwambia anauza ipi, mwache. Poli za bei ya chini hupasuka, humeguka kingo, au hubonyea zisirudi. Na kwa kuwa poli huteleza, mchanga ukiingia kati yake na bomba unakuwa msasa: bomba linachimbika, tundu linapanuka, na ule usahihi ulionunuliwa unageuka mlegeo.

*Ufungaji.* Rahisi kuingiza. Mara nyingi mikono na jiliwa vinatosha. Ugumu uko kwenye kutoa za zamani. Soma maelezo uone kama poli yako inataka bomba la nje la bushi ya zamani libaki au litolewe, kwa sababu ziko za namna zote mbili. Usichome mpira wa zamani kwa moto ili utoke: moshi wake ni sumu. Wala usije ukaichoma poli, maana moshi wa poliurethani hubeba hidrojeni sayanaidi. Toboa kwa drili, kata kwa msumeno mwembamba, sukuma.

Paka grisi nzito ya silikoni isiyosombwa na maji, ile inayokuja na bushi au inayopendekezwa na mtengenezaji, ndani ya tundu na pembeni panapogusa chuma. Kabla ya kukaza, hakikisha bomba la ndani limezidi poli kidogo kwa urefu. Bolti inatakiwa ibane bomba. Ikiibana poli yenyewe, haitazunguka. Kisha kubali kwamba siku moja utafungua tena kupaka grisi. Zilizochongwa mistari ndani ya tundu huishika grisi kwa muda mrefu zaidi.

*Uhalisia.* Rangi kali hujitangaza chini ya gari. Nyeusi zinapatikana, na kwa jicho la kawaida hazitofautiki, lakini mkaguzi wa mashindano ya uhalisia atazijua.

Mahali kwa mahali

Swali la "mpira au poli" kwa gari zima ndilo linalowapotosha wengi. Nadhani ni bora kuuliza bushi kwa bushi.

Stabilaiza ni mahali pepesi kabisa pa kuanza na poli. Chuma kinazunguka ndani ya bushi, mzigo unaeleweka, kazi ya kubadili ni ya muda mfupi, na ukijutia unarudisha mpira bila kung'oa kitu kingine. Faida yake nayo huonekana haraka, maana mpira uliochoka pale hufanya stabilaiza ichelewe kufanya kazi yake.

Mikono ya mbele yenye pivoti mbili kwenye mhimili mmoja, ile inayoitwa wishboni, nayo huwa rafiki kwa poli ya ugumu wa kati. Iangalie fimbo inayouzuia mkono wa chini usiende mbele na nyuma, kama iliyoko kwenye Mini. Bushi zake ndogo huathiri sana ushikaji wa breki, kwa hiyo poli ya kiasi husaidia. Ikiwa ngumu mno, fimbo hukosa pa kuinamia na uchovu wa chuma huanza. (Mini hiyo hiyo ya mwaka 1959 hutumia koni za mpira za Alex Moulton kama springi. Anayesema mpira ni mali dhaifu aitazame.)

Springi za mabapa, zile za vyuma vilivyolazwa tabaka kwa tabaka, zinataka utulivu wa mawazo. Jicho la mbele la springi ndilo linaloshika ekseli mahali pake, na poli pale hunyoosha mwendo wa gari. Kwenye shakeli za nyuma, vile viungo vinavyoishika ncha ya nyuma ya springi, springi hujipinda kila gurudumu moja likipanda peke yake, na mpira huvumilia hilo vizuri.

Mikono mirefu ya kushika ekseli nzima, kama ya mbele kwenye Range Rover ya kwanza ya mwaka 1970, ni mahali pa mpira kwa yeyote anayekwenda nje ya lami. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likishuka shimoni, mikono hiyo hujaribu kuisokota ekseli, na bushi ndizo zinazoipa nafasi. Ukizifanya ngumu, mzigo huhamia kwenye vishikio vilivyochomelewa miongo mingi iliyopita, pengine vyenye kutu. Hilo lihesabiwe kwenye kila gari la zamani: nguvu isiyomezwa na bushi inakwenda kwenye chuma.

Vishikio vya fremu ndogo, vya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na vya injini ningeviacha na mpira kwenye gari la barabarani, isipokuwa kuna tatizo mahususi linalojulikana.

Kosa la kulinganisha kipya na kilichokufa

Mtu anatoa bushi za mpira zilizotumika miaka 40, zimepasuka hadi kwenye chuma, anafunga poli mpya, anaendesha na kushangaa. Ameshangazwa na upya. Angefunga mpira mpya siku hiyo hiyo, angeshangaa vilevile kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo sifa za namna hiyo zipokee kwa kuuliza: zilizotoka zilikuwa na hali gani? Na baada ya kufunga zozote, pima alaimenti, yaani pembe za magurudumu, kwa sababu bushi mpya husogeza pembe hata kama hukugusa kitu kingine.

Kwa hali yako

Ukiwa na gari la kusafiria familia, la utulivu, ambalo thamani yake iko kwenye namna linavyoelea, funga mpira kila mahali, wa daraja la juu, uliotengenezwa karibuni.

Ukiwa na gari dogo la michezo la barabarani, unalopenda kuliendesha kwa kasi ya wastani kwenye kona nyingi, changanya: poli ya kati ya 70 na 80 kwenye stabilaiza na wishboni za mbele, mpira kwingine. Changanya kwa mahali, kamwe usichanganye kushoto na kulia. Ekseli moja ipate bushi za namna moja pande zote mbili.

Kwa gari la siku za uwanjani, poli ngumu zina haki yake mahali penye mzunguko wa mhimili mmoja. Mahali panapoinama, kama mikono ya juu ya ekseli ya nyuma, baki na mpira au nenda kwenye viungo vya duara vya chuma, ukijua kelele na uchakavu wake.

Gari la kupita mchangani na kwenye mito lipewe mpira, kwa sababu ya mjongeo na kwa sababu ya mchanga. Ukitaka poli kwenye stabilaiza yake, panga kuifungua na kuipaka grisi kila msimu wa tope ukiisha.

Gari la maonyesho, ambalo wakaguzi huinama kutazama chini, halina mjadala: mpira wa umbo la kiwandani.

Kama injini yako inavuja mafuta juu ya mkono wa suspensheni, tibu uvujaji kwanza. Ikishindikana kwa sasa, poli ya mahali hapo pekee ni chaguo la busara, mradi mkono wa upande wa pili upate ya namna hiyo hiyo.

Na kama huna presi wala fundi mwenye presi, usiichague poli kwa sababu hiyo tu kwenye mahali panapotaka mpira. Ng'oa mikono, ipeleke gereji yoyote yenye presi wakuingizie bushi, kisha ufunge mwenyewe, shusha gari chini, likanyage mara kadhaa likae sawa, ndipo ukaze bolti.